Mgeni wa Jikoni

Kazi ya mshauri elekezi wa maendeleo ya taasisi ni ngumu kumweleza mama mzazi. Mhandisi ataonyesha daraja, mhasibu ataonyesha vitabu vyake. Mshauri wa taasisi huitwa kwenye ofisi ambayo mishahara inalipwa, magari yapo, mpango mkakati wa miaka mitano umechapwa kwa rangi na kuwekwa kwenye kabati la kioo, ila mambo hayaendi. Idara ya fedha haisemezani na idara ya miradi. Vijana hodari wanaacha kazi kabla hawajazoeleka. Bodi inakutana, inakula, inasaini posho na kutawanyika bila kuamua chochote. Mshauri anaingia na hadidu za rejea mkononi, anahoji watu mmoja mmoja, anawakusanya kwenye warsha mbele ya bango kitita, anasikiliza kinachosemwa na kinachorukwa, kisha anawarudishia wenyewe habari zao. Wakikubali kuzisikia, watabadili namna wanavyofanya kazi. Wasipokubali, ripoti yake itakwenda kuungana na mpango mkakati kabatini.

Kinachomwezesha kufanya haya yote ni ugeni. Shahada inamfikisha mlangoni tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na sijui taaluma nyingine iliyojengwa juu ya methali hiyo zaidi kuliko hii. Mgeni hana cheo cha kutetea. Hagombei safari ya nje, hana kisasi cha mwaka juzi na fulani, hatakuwepo mwezi ujao. Kwa hiyo anaweza kuuliza lile swali ambalo kila mtu pale ndani anajua jibu lake na hakuna anayethubutu kuliuliza. Wenyeji nao humvumilia, kwa sababu mgeni huvumiliwa.

Ila methali zetu hutembea mbili mbili, na ya pili yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikiwatazama wanawake wanaofanya kazi hii Dar es Salaam, Nairobi, Arusha na Dodoma, nami nikiwa mmoja wao, naona kwamba sisi hukabidhiwa jembe kabla hatujakaa.

Mshauri anafika asubuhi akiwa na kijana wa kiume aliyemwajiri juzijuzi amsaidie kuandika kumbukumbu. Mlinzi anamsalimia kijana. Katibu muhtasi anamsogezea kijana kitabu cha wageni. Mwenyekiti wa bodi anampa kijana mkono, anamuuliza barabara ilikuwaje, na kijana wa watu anabaki kumtazama bosi wake kwa aibu. Hilo linasahihishwa kwa dakika moja na wote wanacheka. Linalofuata halisahihishwi kirahisi. Chai inaletwa, na sinia linatua mbele ya mwanamke. Hakuna aliyemwambia amimine. Chupa tu imesimama pale, vikombe vimefunikwa, na wanaume sita wanaendelea na mazungumzo wakiwa na imani kamili kwamba chai itawafikia. Akimimina, amekuwa mwenyeji. Asipomimina, chai inapoa, na ukimya unaoanza kuingia mezani ni wake yeye. Baadaye atatafutwa mtu wa kuandika kwenye bango kitita, na mzee mmoja atakumbusha kwa nia njema kabisa kwamba mwandiko wa akina mama ni mzuri.

Halafu kuna shikamoo, ambayo vitabu vya taaluma hii, vilivyoandikwa Boston na London, havikuwahi kuiwaza. Mkurugenzi ana miaka sitini na kitu, mshauri hajafika arobaini. Anamwamkia, naye anaitikia, marahaba mwanangu, hujambo. Anauliza ni mwenyeji wa wapi, ameolewa wapi, ana watoto wangapi. Hana ubaya, huo ni uungwana, na mzee asiyeuliza hayo angeonekana ana kiburi. Lakini mwanamke huyo amekuja, pamoja na mengine, kupima kama mzee anaiongoza taasisi vizuri. Wiki tatu baadaye atalazimika kumwambia kwamba wakuu wa idara wanamwogopa kiasi cha kumficha hasara. Mwanangu atamwambiaje baba jambo hilo?

Mshauri mwanamume wa umri uleule naye hutoa shikamoo. Tofauti ni kwamba baada ya shikamoo yake mazungumzo husogea: anaitwa Daktari hata kama si daktari, au Bwana Mshauri, na kabla ya chai wamefika kwenye Simba na Yanga. Yeye amevushwa. Mwanamke hubaki mwanangu mpaka siku ya kuwasilisha ripoti. Katika kazi hii nimeona jambo moja tu linalomvusha kwa uhakika, nalo ni umri. Akishakuwa mama wa makamo, nusu ya wafanyakazi wanamwamkia yeye, na anaweza kumkaripia mkurugenzi kwa mafumbo mbele ya bodi nzima naye akainamisha kichwa. Wengine huingojea miaka hiyo kwa hamu. Mimi naiona ni dhuluma ya aina yake kwamba mwanamume anaazimwa mamlaka ya mzee akiwa na miaka thelathini, na mwanamke lazima azeeke kweli.

Pamoja na hayo, jikoni kuna faida yake. Mwanamke aliyenyimwa kiti cha mgeni mara nyingi hujikuta mahali ambapo mgeni hafikishwi. Anakwenda kuosha kikombe na kumkuta mhudumu wa ofisi. Anasubiri gari na dereva. Anasimama masijala akitafuta faili, na karani aliyekuwa bubu kwenye mahojiano rasmi anaanza, taratibu, dada nikwambie kitu. Kuhusu matumizi ya taasisi moja nilijifunza mengi kutoka kwa mama aliyekuwa anapikia warsha zao kuliko kutoka kwa yeyote mwenye cheo. Yeye hakuwa na habari na taarifa za fedha. Alikuwa anajua sahani. Alijua ni sahani ngapi zinaagizwa na ngapi zinaliwa, na alikuwa ameshaona kwamba watu wanaosaini karatasi za mahudhurio ni wengi kuliko wanaokula. Alikuwa analizungumza jambo hilo kama mtu anavyozungumzia bei ya nyanya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Walio kwenye kazi hii wanamheshimu Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia wa taasisi ya Tavistock ya London, na kwa haki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alialikwa na hospitali moja kubwa ya mafunzo iliyokuwa na wauguzi karibu 700, wengi wao wanafunzi. Walimwita kwa jambo la kiutawala kabisa: namna ya kuwapanga wanafunzi kwenye wodi bila mafunzo yao na kazi ya hospitali kugongana. Akakaa na wauguzi, akawasikiliza. Alichokikuta ni hofu. Mabinti wadogo walikuwa wanashinda na kifo, na uchafu wa miili, na ndugu wa wagonjwa wenye hasira, na hospitali ilikuwa imejipanga, bila mtu yeyote kukaa na kupanga, ili wasiihisi hofu hiyo. Kazi ya kumhudumia mgonjwa ilikatwa vipande ili muuguzi asikae na mtu mmoja. Mgonjwa alitajwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo kinachomuuma. Watu waliamshwa usingizini wapewe dawa ya usingizi, kwa kuwa ratiba ilitaka hivyo. Na utaratibu huo uliowekwa kama kinga ndio uliokuwa unawavunja moyo: takriban theluthi ya wanafunzi walikuwa wanaacha mafunzo, na si wachache kati yao walikuwa miongoni mwa walio bora.

Makala yake ya mwaka 1960 inasomwa mpaka leo popote taaluma hii inapofundishwa. Mimi huirudia kwa sababu ya namna alivyoipata habari ile. Aliletewa tatizo la ratiba, akaachia watu waseme mpaka likatoka tatizo jingine lililokuwa chini yake. Hapo ujuzi ulionekana kuwa ujuzi. Wanawake wa kwetu wanaofanya vilevile huambiwa wana kipaji cha kuongea na watu. Wanasifiwa kama mtu anavyosifiwa kwa sauti nzuri, kitu alichozaliwa nacho, ambacho hakuna sababu ya kukilipia.

Ugumu unakuja siku ya kuwasilisha. Habari iliyopatikana jikoni inapanda ghorofani kwenye chumba cha bodi, na njiani inabadilika jina. Akiisema mwanamke, kuna mtu atauliza ushahidi uko wapi, na mwingine atasema, kwa tabasamu, hayo si ni maneno ya watu tu? Neno umbea halitamkwi lakini linazunguka mezani. Dada mmoja wa kazi hii ana dawa yake: kila jambo analolijua kwa kusikiliza analipeleka kwenye dodoso, analipa asilimia, analichora kwa rangi mbili, ndipo analitaja. Anasema bodi haijawahi kuuliza grafu imesikia kwa nani. Ninamwelewa, nami nimefanya hivyo. Ila inanisumbua, maana yule mama wa sahani hakuwa asilimia fulani ya waliojibu. Alikuwa mtu mmoja aliyekuwa anajua.

Hilo linanisumbua zaidi nikikumbuka fani yenyewe ilivyozaliwa. Kiangazi cha mwaka 1946, huko New Britain katika jimbo la Connecticut, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha warsha ya viongozi wa jamii kuhusu uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali. Kila jioni wataalamu walikutana peke yao kulinganisha walichokiona mchana. Jioni moja washiriki watatu wakaomba kukaa wasikilize, na Lewin akawaruhusu. Mtaalamu mmoja alipokuwa anaeleza mwenendo wa mshiriki mmoja, mwanamke, mwenyewe alikuwa amekaa palepale. Akamkatiza. Akasema haikuwa hivyo, akaeleza ilivyokuwa kwa upande wake. Majadiliano yakawaka, na kesho yake jioni washiriki wengine wengi wakaja. Kutoka hapo wale wanaume walipata wazo kwamba kundi la watu hujifunza likipewa habari zake lenyewe, likazijadili likiwa pamoja. Mwaka uliofuata, Lewin akiwa ameshafariki, wenzake walifungua maabara yao ya kiangazi huko Bethel, Maine, iliyokua ikawa taasisi ya NTL. Kila mrejesho tunaoutoa leo kwenye ukumbi wa hoteli ya Morogoro una damu ya jioni ile.

Majina ya wanaume wale yanajulikana: Lewin, Ronald Lippitt, Leland Bradford, Kenneth Benne. Mwanamke aliyesema haikuwa hivyo anatajwa kama mshiriki tu. NTL ilipata rais wake wa kwanza mwanamke mwaka 1975, Edith Seashore, aliyefika Bethel kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi.

Na Marekani ina mengi zaidi ya kujibu. Lillian Gilbreth aliandika kitabu kuhusu saikolojia ya uongozi wa kazi, kikatoka mwaka 1914 kwa jina la L. M. Gilbreth ili msomaji asitambue kwamba mwandishi ni mwanamke. Alikuwa mshauri wa viwanda pamoja na mumewe Frank, na walizaa watoto kumi na wawili. Frank alipofariki ghafla mwaka 1924, wateja wakaanza kuondoka. Kazi ilikuwa ileile, akili iliyoifanya ilikuwa bado iko hai na ina shahada ya udaktari, lakini viwanda havikutaka kuelekezwa na mjane. Alifanya nini? Aliingia jikoni. Alipima hatua za mpishi, urefu wa meza, mpangilio wa jiko na sinki, akayauza maarifa hayo kwa kampuni za vifaa vya nyumbani, maana huko mwanamke aliaminika. Mwaka 1935 chuo kikuu cha Purdue kikampa uprofesa. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi. Mimi nasikia pia mlango uliofungwa.

Kwetu ninaye mtu wa kumweka kando yao, ingawa hakuwahi kuitwa mshauri wa taasisi yoyote. Mwaka 1955 TANU ilikuwa chama cha wanaume. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipouliza kitengo cha wanawake kiko wapi, viongozi hawakuwa na la kumwonyesha. Bibi Titi Mohamed akachukua kazi hiyo. Angeweza kufungua daftari na kungoja watu waje kujiandikisha. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, michango, nidhamu, namna ya kupelekeana habari na namna ya kumaliza ugomvi. Vilikuwa taasisi tayari, na hakuna mwanamume aliyekuwa ameviona hivyo. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU.

Bibi Titi hakuwa mgeni kwa wanawake wale. Nguvu yake yote ilikuwa uenyeji: alizijua nyimbo, alijua nani hasemezani na nani. Mfano wake ndio unaonifanya niitilie shaka kidogo ile sifa ya ugeni niliyoanza nayo. Nadharia iliyoandikwa na wanaume inasema mshauri asimame nje ili aone. Wanawake tunaolazimishwa kuingia ndani tumegundua kwamba ndani nako kunaonekana, na baadhi ya mambo huonekana huko tu. Shida yetu ni kwamba mkataba unamlipa mtu wa nje.

Tena anayepata mkataba unaofuata ni nani? Mchana una jikoni na jioni ina nyama choma. Warsha ikifungwa saa kumi na moja, hoteli ya Dodoma au Mtwara, wanaume wanahamia uwanjani, na huko, kati ya mbavu na bia, mkurugenzi anamwambia mshauri mwenzangu kwamba kuna taasisi dada ina shida kama yao. Mwanamke amepanda chumbani. Amepiga simu nyumbani kuuliza mtoto amekula nini, amefunga mlango kwa komeo, na huenda simu ya chumbani imelia mara moja kutoka kwa mtu anayetaka kuendeleza mjadala wa leo. Angeshuka, kesho kungekuwa na maelezo mengine. Jikoni panampa ukweli wa taasisi, na nyama choma inampa mwenzake zabuni.

Kuanzia Januari 2025 hata tofauti hiyo ilipungua maana. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ikawa imefungwa. Sehemu kubwa ya kazi za ushauri wa taasisi katika nchi zetu ilikuwa inalipwa, moja kwa moja au kwa mzunguko, na fedha za wafadhili, na wanawake wengi wa kazi hii hawana kampuni wala ofisi. Wana kompyuta, kabati la maka peni na jina zuri. Simu zilipotulia, baadhi wakageukia saccos, shule binafsi na biashara za kifamilia, ambako baba amezeeka na watoto hawaelewani. Wanasema huko ni kugumu zaidi na kunafurahisha zaidi. Mwenye duka hana hadidu za rejea. Anasema tu, mama, hawa watoto wataua biashara yangu, na anamkaribisha ndani moja kwa moja kwenye chakula na mke wake.

Bei ndiyo inayobaki kuwa ugomvi. Jedwali la gharama katika andiko la zabuni lina safu za kawaida: mahojiano, warsha, uandishi wa ripoti, uwasilishaji. Saa za masijala, za kantini, za kungoja gari na dereva hazina safu. Yule dada wa grafu aliamua kuziweka. Akaandika mstari: usikilizaji usio rasmi, siku tatu, kwa kiwango chake kamili cha siku. Afisa ununuzi akampigia simu kuuliza hiyo ni shughuli gani na matokeo yake yatapimwaje. Dada akamweleza kwa uvumilivu. Afisa akaufuta mstari. Dada akaurudisha kwa jina la mapitio ya nyaraka za ziada, siku tatu, bei ileile, na ukapita bila swali.